Ufunguo wa Mlango wa Jikoni

Nyumba yangu ina milango miwili, wa mbele na wa jikoni. Nitaanza na wa jikoni, maana ndio wenye maneno.

Ni mlango wa mbao nzito, rangi ya kijani, na chini ya kijani hicho kuna kijani kingine, na chini kabisa kipo kijani cha siku tuliyohamia. Kitasa chake hakijabadilishwa. Ni cheusi, kinene kama kipande cha sabuni, na tundu lake ni kubwa kiasi kwamba ukiinama unaona mguu wa meza yangu na nusu ya kabati. Nyumba zote za mtaa huu zilijengwa na mkandarasi mmoja, kwa ramani moja, zikatoka kama sabuni ya mche iliyokatwa kwa kisu kimoja. Sebule, vyumba viwili, jiko nyuma, karo la kufulia uani. Wageni walikuwa wakipotea. Hata sisi wenyewe, mwanzoni, ukirudi na mzigo kichwani na akili iko kwenye mambo mengine, ulikuwa unaweza kumkuta mke wa mwenzako anakutazama.

Siku zile lami ilikuwa inaishia hapa. Basi lilikuwa likifika mbele ya nyumba ya fundi magari linageuza, dereva anashuka kunyoosha mgongo, na mbele yake ni mahindi matupu. Watu wa mjini walikuwa wanatuuliza, “Huko kwenu umeme umefika?” Sasa mji umetuvuka. Umekwenda mbele huko, mwisho wake siujui, na basi linapita hapa limejaa wala halitaki kusimama. Miti tuliyoipanda vijiti imepasua kingo za barabara. Mabomba yanakohoa kwanza ndipo yatoe maji. Mwanangu husema mtaa umezeeka, tuuze nyumba. Namwambia, “Na mimi je, baba, utaniuza lini?”

Kulikuwa na desturi moja kati yetu. Watoto walikuwa wanatoka shule kabla ya wazazi kutoka kazini, na ufunguo ukimpa mtoto ni sawa na kuutupa mtaroni. Basi ufunguo wa pili wa jikoni wa kila nyumba ukawa unakaa kwa jirani, kwenye msumari nyuma ya mlango. Wangu ulikaa kwa Bi Sindano, fundi cherehani wa nyumba ya kushoto, na wake ukakaa kwangu. Yeye aliufunga wake kitambaa chekundu. Mimi zangu zote mbili, uliokwenda kwake na uliobaki, kila mmoja niliutia uzi na kifungo cha shati la mume wangu. Watoto wakakua, wakaoa, wakaolewa, na funguo zikabaki palepale kwenye misumari. Ungeniuliza kwa nini, ningekwambia kwa sababu ndipo zinapokaa.

Marehemu mume wangu naye alikuwa na sheria yake. Hakutaka kabisa ufunguo ulale ndani ya kitasa. Ukishafunga mlango wa jikoni, utoe, utundike kwenye ndoano kando ya kabati. Nikisahau, yeye yuko sebuleni na gazeti lake, hata hageuki: “Mama watoto, tundu.” Ananiambia kama anayekumbusha mtu dawa. Siku moja nikamuuliza sababu. Akasema, “Tundu linataka kupumua.” Nikajisemea, haya, kuna wanaume wanabishia chumvi, kuna wanaobishia watoto, wangu kaamua kubishia tundu. Nikatii. Alipofariki nikaendelea kutii, maana mkono ulishazoea na haukuwa na habari kwamba mwenye amri hayupo.

Sasa naishi na mwanangu wa mwisho, mkewe ambaye ni muuguzi, na mtoto wao. Mtoto tunamwita Bosi, kwa sababu akilia wote tunasimama. Mwanangu kazi yake ni kutengeneza lifti za majengo marefu. Mtu anayeshinda kutwa akiwaza kamba itakayokatika, ukimweka kwenye nyumba yenye kitasa cha zamani halali. Tuliposikia nyumba moja ya mtaa wa nyuma imevunjwa wakaiba, ndiyo akapata mahali pa kuanzia. Akaleta kitasa kipya cha mlango wa mbele, cha kujifunga chenyewe. Ukiuvuta tu, ka! Umefungwa. Halafu akasimama katikati ya jiko, mikono kiunoni.

“Mama, na wa huku? Ufunguo mwingine uko wapi?”

“Kwa Bi Sindano.”

“Yaani ufunguo wetu unaning'inia kwa watu?”

“Si watu. Ni Bi Sindano.”

“Ana wateja wanaingia na kutoka kutwa nzima. Wote wanauona.”

“Wateja wake wanaangalia kioo, baba. Hakuna anayeangalia misumari.”

Hakunisikiliza. Alikwenda mwenyewe akauchukua wetu, na kwa heshima zote, sikatai. Lakini ufunguo wa Bi Sindano aliurudisha ndani ya mfuko wa plastiki, kama makombo ya jana. Bi Sindano aliupokea, akasema, “Asante, baba,” akarudi kwenye cherehani yake. Toka siku hiyo akawa ananisalimu juu ya ukuta kwa sauti ya karani: “Hujambo, jirani?” Jirani! Mtu aliyempaka huyuhuyu mwanangu dawa ya surua mwili mzima, ananiita jirani.

Na nyumba ya kulia nayo ilishauzwa. Aliyeinunua aliibomoa akasimamisha ghorofa. Ghorofa hilo likala jua langu la asubuhi lote, uani kukawa na kivuli hadi mchana, nikalazimika kuhamisha kamba ya nguo kuipeleka mbele, karibu na geti. Juu kabisa alipanga dada mmoja anayefanya kazi ya kompyuta nyumbani, masikioni kajiziba vidude. Tulikuwa tunapungiana mkono tu, mimi na kapu langu la nguo, yeye na kikombe chake. Nilimwita Dada wa Juu. Sijui yeye aliniitaje.

Sasa siku yenyewe.

Mwanangu alikuwa upande wa pili wa mji, kwenye jengo lenye lifti iliyokwama. Mkwe wangu yuko zamu. Nimebaki mimi na Bosi, na sufuria ya maharage kwenye jiko la gesi. Bosi amelala kitandani kwangu, nimemzungushia mito pande zote, maana alikuwa ameanza kutambaa na hakujua bado kwamba kitanda kina mwisho. Mlango wa jikoni nimefunga, kama mwanangu alivyoagiza tukibaki peke yetu. Na aliniagiza jingine: “Ufunguo uuache humohumo kwenye kitasa, Mama. Mwizi akija na wake hauingii.” Maneno yenye akili. Nilizungusha ufunguo, nikasimama nao kidogo pale, amri ya marehemu mkono mmoja, amri ya mwanangu mkono wa pili. Sikumbuki nilichoamua. Maharage yalikuwa yanataka maji.

Nikasema niyaongeze maji, ndipo nikasikia matone juu ya bati la karo. Mvua! Na nguo za Bosi zote ziko mbele. Nikatupa kitambaa cha kushikia sufuria palepale kando ya jiko, nikashika kapu, nikatoka mbio, mbio za umri wangu. Nimefika kwenye kamba, nimeshika soksi ya kwanza, upepo ukavuma nyuma yangu.

Ka!

Nilijua kabla sijageuka. Soksi ikaniponyoka.

Niliusukuma mlango, nikaupiga, nikauomba. Simu iko ndani, mezani. Madirisha yote yana nondo. Nikazunguka nyuma nikachungulia dirisha la jikoni, nikaona kifuniko cha sufuria kinarukaruka na mvuke unatoka mwingi. Maji yalikuwa yanakwisha. Na kile kitambaa nilikiona vizuri, pembe yake moja imelalia ukingo wa jiko, karibu kabisa na moto. Nikaujaribu mlango wa jikoni. Umefungwa, mimi mwenyewe niliufunga.

Nikapaza sauti juu ya ukuta. “Bi Sindano! Bi Sindano, mwenzangu!” Kimya. Cherehani hailii, geti lina kufuli. Katoka. Nikainua macho, nikamwona Dada wa Juu kwenye roshani yake anaanua taulo.

“We dada! Dada! Niangalie!”

Akatoa kidude kimoja sikioni. “Shikamoo Bibi. Kuna nini?”

“Nimefungiwa nje! Mtoto yuko ndani peke yake! Na kuna moto!”

“Moto?”

“Wa kupikia! Lakini ukiachwa utakuwa wa kweli!”

Akatoa na kidude cha pili. Alikimbilia upande wa pili wa roshani, akainama hadi nikaogopa ataanguka. “Bibi, dirisha la chumba nalifikia kwa macho. Namwona! Amelala. Mkono mdomoni.”

Sijawahi kusikia habari tamu kama hiyo. Ghorofa lile nililolinung'unikia lilikuwa na macho.

Namba ya mwanangu ninayo kichwani, sisi tulifundishwa kukariri. Nikamtajia, akampigia, akaiweka simu isikike. Nikasikia sauti ya mwanangu inatoka angani:

“Mama! Nakuja! Usiogope, ufunguo ninao mfukoni!”

“Uko wapi?”

“Nashuka. Nitapata pikipiki. Barabara imefungana, lakini nakuja!”

“Fimbo ya mbali haiui nyoka, baba! Ufunguo wa mfukoni mwako na mlango wa hapa vitaonana saa ngapi?”

Kelele zangu zilimtoa Mzee Spana, yule fundi magari. Alikuja na kandambili, fulana ya ndani, spana mkononi, na mtaimbo begani. Ni rafiki wa mume wangu tangu wangali na nywele. Alipanda ngazi za jikoni akashika nondo za dirisha, akazitikisa. Hazikutikisika hata kidogo.

“Shemeji,” akasema, “hizi nilizichomea mimi.”

“Najua.”

“Nilizichomea zisitoke.”

“Kwa mara ya kwanza maishani natamani ungekuwa fundi mbovu.”

“Hata mimi.” Akaingiza mtaimbo kwenye ubao wa mlango, akausukuma kwa bega, akaguna, akausukuma tena. Mlango ule haukujua hata kama kuna mtu. “Mbao za zamani,” akasema, akishika bega. “Hapa kitakachovunjika ni mimi. Ngoja nikalete mashine ya kukatia chuma. Una waya mrefu wa umeme?”

“Ninao.”

“Wapi?”

“Ndani.”

Akanitazama. Nikamtazama. Akaondoka mbio, kandambili moja akaiacha kwenye ngazi.

Hapo ndipo nikaanza kusikia harufu. Maharage yakishika chini yana harufu yake, mwanzoni ni kama ya karanga, ukiipuuza inageuka. Ilikuwa inageuka. Moshi mwembamba ukapita kwenye upenyo wa dirisha, na nilipochungulia kile kitambaa kilikuwa kimekuwa kahawia pembeni, kinafuka polepole.

“Bibi!” Dada wa Juu akaita, na sauti yake safari hii sikuipenda. “Ameamka.”

“Analia?”

“Halii. Amekaa. Anaangalia huku na huku… Bibi, anaupanda mto.”

“Mwite!”

“Jina lake nani?”

“Bosi!”

“Bosi?”

“Mwite tu!”

“Bosi! Bosiii! Angalia huku!” Halafu yule dada, ambaye sijawahi kumsikia akisema neno zaidi ya shikamoo, akaanza kupiga makofi na kuimba. Hakuwa na wimbo wowote, alikuwa anaunga maneno tu: Bosi kaa, Bosi tulia, Bosi ofisini, Bosi na mito yake. Anaimba kwa sauti ya mtu anayejua kwamba hajui kuimba. Kisha akasema bila kuacha makofi, “Ameniona! Amekaa! Anacheka! Bibi, anacheka, sasa niimbe nini?”

“Hichohicho! Usiache!”

Basi hali ndiyo hiyo: yule juu anaimba, mimi chini nimeng'ang'ania nondo za dirisha la jikoni, moshi unaongezeka, Mzee Spana huko kwake anapindua vyuma akitafuta mashine, na mvua, ile mvua iliyonitoa ndani, imekatika zamani, kana kwamba ilitumwa.

Ndipo geti la kushoto likalia.

“Nani kafa?” Ilikuwa sauti ya Bi Sindano. Kichwa chake kikatokea juu ya ukuta, na mwavuli, na furushi la vitambaa alivyotoka kununua. “Nauliza nani kafa, mbona mnaimba?”

“Mlango wa mbele umejifunga,” nikasema. “Bosi yuko ndani. Jiko linawaka, kitambaa kinaungua.” Kisha machozi yakanitoka, nikaongeza, “Ufunguo niliokuwa nimeuweka kwako…”

Nilidhani atanisuta. Alikuwa na haki, na ulimi anao. Lakini alinitazama akauliza swali moja ambalo sikulielewa.

“Ufunguo wa jikoni uko kwenye kitasa, au umetundikwa?”

“Eh?”

“Kwenye kitasa au kwenye ndoano? Sema haraka, mwanamke!”

Sikujua. Wallahi sikujua. Nilijiona nimesimama pale asubuhi, amri mbili mikononi. Nikapiga magoti kwenye ngazi nikaweka jicho kwenye tundu. Nikaona moshi, na ndani ya moshi mguu wa meza yangu, na nusu ya kabati.

“Tundu liko wazi!”

Kichwa chake kikatoweka. Furushi nikalisikia likianguka upande wa pili, miguu ikikimbia, mlango ukigonga ukuta. Hakupita getini. Alipanda ndoo akavuka ukuta, mtu mzima yule, gauni kalikunja kiunoni, na mdomoni ameuma ufunguo wenye kitambaa chekundu. Ufunguo wa nyumba yake. Akausukuma kwenye kitasa changu, akauinua kidogo kama mtu anayejua, akauzungusha.

Mlango ukafunguka.

Sikuuliza. Nani angeuliza? Nilipita chini ya mkono wake nikazima gesi, nikakitupa kile kitambaa kwenye sinki, kikasema *tssss* na moto mdogo uliokuwa umeanza kushika upindo wake ukafa. Bi Sindano alikuwa ameshanipita. Nilimkuta chumbani amemnyanyua Bosi, amemkumbatia, anamnusa kichwa, na Bosi ananyoosha shingo dirishani kutafuta muziki wake umekwenda wapi.

“Yuko salama!” nikapiga kelele juu. “Mzima! Acha kuimba, mwanangu!”

“Alhamdulillahi,” tukasikia, kisha kikombe kikivunjika. Nadhani alikuwa amekiweka ukingoni mwa roshani.

Nikakaa kitandani. Nikacheka, nikalia, nikacheka tena, na Bi Sindano akaniwekea Bosi mapajani, akasema, “Mshike, utulie. Mikono ikiwa na kazi moyo unashuka.”

Tulikuwa tumerudi jikoni Mzee Spana alipoingia na mashine yake ya kukatia, waya anaukokota sakafuni. Alitazama mlango ulio wazi. Akautazama ule ufunguo mwekundu uliokuwa bado unaning'inia kwenye kitasa.

“Huu si wa kwako, Bi Sindano?”

“Ni wa kwangu.”

“Na mlango huu ni wa shemeji.”

“Macho yako bado mazima, hongera.”

Tukamtazama wote. Akavuta kiti, akakaa, akajifuta mikono kwa gauni. “Mkandarasi alikuwa bahili,” akasema. “Alinunua kitasa cha aina moja, ufunguo wa aina moja, akaufyatua kama matofali. Wangu unafungua hapa. Wako unafungua kwangu. Nyumba nyingine sikujaribu, mimi si mwizi.”

“Ulijuaje?” nikamuuliza.

“Sikujua mimi. Alijua mumeo kwanza.”

Nikamvuta Bosi kifuani.

“Alikuwa anatoka kazini zamu ya asubuhi, amechoka, kichwa chini. Akaingia jikoni kwangu kwa ufunguo wake, akavua kofia, akakaa kwenye kiti, akasema, ‘Mama watoto, nipe maji.’ Nikampa. Akanywa, akarudisha kikombe, ndipo akakiangalia. Akaona si kikombe chake.”

Mzee Spana alikuwa ameanza kutabasamu upande mmoja. “Kwa hiyo marehemu alikuwa anaingia jikoni kwako…”

“Funga mdomo huo! Marehemu mume wangu mwenyewe alikuwa hapohapo mezani anakula! Ndiye aliyecheka hadi akapaliwa, tukampiga mgongo sote wawili.” Akanigeukia. “Tulikaa watatu tukashauriana. Mumeo akasema, tukiwaambia watu, kesho kila mtu atanunua kitasa kipya, keshokutwa kila mtu atamwangalia jirani yake mikono. Na sasa hivi tunaishi vizuri. Tukaapa kunyamaza. Lakini yeye akasema kuna faida moja: siku yoyote mtoto akifungiwa ndani, mmoja wetu atafungua, ilimradi ufunguo wa ndani usizibe tundu.”

Tundu linataka kupumua.

Niliinamisha uso kwenye kichwa cha Bosi ili wasinione. Miaka yote nilidhani naubeba ubishi wa mtu. Na mkono wangu, asubuhi ile, bila kuniuliza mimi, ulikuwa umetoa ufunguo ukautundika mahali pake. Niliuona pale ndoanoni kwenye moshi, na kile kifungo cha shati la mume wangu kinang'aa.

“Mbona hakuniambia mimi?”

“Wewe?” Bi Sindano akasema. “Wewe ungemwambia dada yako, dada yako angemwambia kinyozi wake.”

Hilo sikulipinga.

Dada wa Juu alishuka, akasimama mlangoni na viatu mkononi, hajui kama aingie. Nikamwambia, “Ingia, mwanangu, hapa hapana tena mlango.” Akaingia. Bosi akamnyooshea mikono miwili. Sufuria tuliifunua: juu maharage yamepona, chini ni lami. Nilichota ya juu nikahamishia sufuria nyingine, nikakata kitunguu, na tukafungua madirisha yote.

Mwanangu alifika akiwa na kofia ya kazi kichwani na uso wa mtu aliyetoka kuzikwa. Aliingia kwa mlango wa mbele, ufunguo wake mkononi, akatukuta jikoni tunakula. Bosi yuko mapajani kwa mtu asiyemjua, ana chembe ya maharage kidevuni. Akamshika mtoto, akamgeuza huku, akamgeuza kule, akahesabu vidole kama siku aliyozaliwa. Halafu akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati, akafumba macho.

“Nani kafungua?” akauliza akiwa bado amefumba.

Nikamweleza. Sikumficha kitu, hata kikombe cha maji. Bi Sindano alikuwa anachambua maharage kwenye sahani yake kana kwamba yana mawe.

Mwanangu akafumbua macho. “Yaani miaka yote hii, ufunguo wa kila nyumba unafungua kila nyumba?”

“Huenda.”

“Na mimi ninaweka nondo.”

“Nondo niliweka mimi,” Mzee Spana akasema, “na hazikutoka, uandike hilo.”

“Kuna kilichowahi kupotea, Mama?”

Nikafikiri. “Mwiko mmoja. Lakini nadhani nilimwazima mama wa kona.”

Alianza kucheka polepole, mabega kwanza, kisha kichwa, mpaka kofia ikamwanguka. Nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu aanze kazi ya lifti. Alipomaliza alijifuta macho, akasimama, akautoa ule ufunguo mwekundu kwenye kitasa, akautundika kwenye ndoano yetu, kando ya wenye kifungo. Ndipo akachomoa mfukoni ufunguo wa mlango wa mbele.

“Huu nitauchonga wa pili leo hii,” akamwambia Bi Sindano. “Nitakuletea. Na ule wa jikoni nilioupokonya.”

“Utaleta na mfuko wa plastiki?” akamuuliza bila kuinua macho.

Mwanangu alitazama viatu vyake. “Nisamehe, mama mdogo. Nitaleta kwa mikono.”

“Msumari unaujua ulipo. Nimetundika futi ya kupimia, uiondoe uiweke mezani.” Halafu akamtazama kuanzia juu hadi chini, jicho la fundi. “Na ukija, simama kwenye mwanga nikupime. Shati hilo linakukaba. Huyo mkeo hakuambii?”

Jioni alikwenda. Niliwasikia juu ya ukuta, Bi Sindano anamkaripia asimame wima, mwanangu anajibu, “Ndiyo, mama mdogo,” kama mtoto wa shule. Maharage yalikuwa na moshi, lakini tuliyala yote, na Dada wa Juu alipewa bakuli akapanda nalo.

Kabla ya kulala nilikuwa chumbani na Bosi nikasikia mwanangu anafunga mlango wa jikoni. Nilivuta pumzi nimwambie, lakini sikuhitaji. Ufunguo ulitoka kwenye kitasa, hatua zikapita sakafuni, na kile kifungo cha shati kikagonga kabati, *ti*, mahali pake.